Gunia la Ratili Mia na Sitini

Bibi yangu Ghanima hakupanda ndege maisha yake yote,
lakini aliishonea ndege abiria wake.

Rasi el-Hadd, kabla ya lami, kabla ya taa:
uwanja ni chumvi iliyopakwa chokaa pembeni,
madebe ya petroli chini ya turubai,
na eropleni moja ya mbao na kitambaa
iliyokaa siku kumi na nane ikingoja bomba kutoka Karachi.

Bomba likaja. Shahdadi Mbulushi akalifunga,
akaisikiliza injini kama asikilizavyo mtu kifua cha mtoto.
Rubani (Abu Miwani, jina la kwao halikukaa midomoni mwetu)
akasema: hapandi mtu mpaka niijaribu.
Kitini nitaweka mchanga, ratili mia na sitini,
uzito wa mtu mzima na koti lake.

Ndipo wakaja kwa bibi, na gunia la mchele na rupia mbili.
Akashona kwa sindano ya mahema,
"mchanga usije ukamwagika ukamwingia machoni."
Akalifunga shingo. Akalipiga kofi mgongoni, kwa mzaha:
Haya msafiri, usisahau kwenu.

Asubuhi, upepo haba.
Iliondoka vizuri. Ilipita juu ya ngome, mbuzi wakatawanyika,
ikapinda juu ya hori,
na hapo sauti ikakatika
kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya neno.

Sitaueleza moto. Bibi naye hakuueleza.
Alisema tu kitambaa kiliungua upesi kuliko dua.

Shahdadi alikaa chini palepale, spana mkononi:
"Nililikaza. Wallahi nililikaza."
Miaka arobaini baadaye, Matrah, bado alikuwa anakaza vitu,
vifuniko vya chupa, mabomba ya jirani,
fundo la kilemba chake.

Rubani wakamfunika kwa turubai la madebe.
Bibi akaitwa tena. Sindano ileile.
Safari hii hakuchukua rupia.

Kesho yake akawatuma watoto wakamtafutie gunia.
Wakarudi mikono mitupu: lilipasuka,
mchanga umeingia mchangani,
haujulikani upi uliruka na upi ulibaki.

Leo nimeketi dirishani, Maskati hadi Salala.
Naambiwa nifunge mkanda.
Naufunga. Naukaza tena.
Kisha kiti cha kando yangu, kitupu,
nakipiga kofi kidogo mgongoni.