Kisanduku cha Tisa

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Nimeichapisha kwa Msangi, pale Buguruni sokoni,
shilingi mia mbili kila ukurasa,
na hiyo ilikuwa nauli yangu ya Alhamisi.

Wanataka jina la mradi.
Watoto wanaliita Shamba la Choo,
maana liko nyuma ya vyoo, ndiko ardhi ilikobaki.
Nikaandika: Bustani ya Lishe na Mazingira.

Walengwa?
Elfu moja mia nne na sita. Bomba moja.
Bomba lenyewe hutoa maji Jumanne na Ijumaa,
likikohoa kwanza
kama Mwalimu Mkuu kabla ya kutangaza jambo baya.

Uthibitisho wa eneo.
Nilikwenda serikali ya mtaa mara tatu.
Mara ya kwanza mwenyekiti yuko msibani.
Mara ya pili muhuri umekauka wino.
Mara ya tatu mtendaji, Bwana Kapufi,
akaugonga hadi meza ikaruka,
akauliza: "Mkipata, na sisi mtatukumbuka?"
Nikamwambia tutamletea mchicha.
Hakucheka.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Fomu inauliza kibaba ni lita ngapi,
nani atakipima,
na kila baada ya miezi mingapi.

Kisanduku cha tisa: mchango wa wanajamii,
usiopungua asilimia kumi, kwa fedha au vitu.
Wameacha mistari mitano.
Nikaitisha kikao darasa la nne B,
watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto.
Mama Semeni, auzaye wali getini, akasema:
"Andika maji ninayooshea mchele.
Ndoo mbili kila siku, tangu Januari."
Chaurembo, mlinzi:
"Andika mbolea ya kuku, viroba ishirini na viwili,
nimevibeba kichwani kutoka Vingunguti.
Na andika harufu.
Mke wangu alinilaza sebuleni wiki nzima."
Shida Mlaponi wa darasa la sita akanyoosha kidole:
usiku ule Msimbazi ulipopanda mpaka ukutani
walihamisha miche kwa masufuria ya mama zao,
maji yakiwafika mapajani.
"Hiyo mwalimu, ni fedha au ni kitu?"

Sikujua. Sijui mpaka leo.

Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio.
Mistari ikaisha, nikageuza karatasi,
nikaambatisha nyingine.
Asilimia kumi ikawa arobaini, ikawa sitini na tatu,
nikaogopa watasema tunadanganya.
Nikapunguza viroba. Nikafuta ndoo moja.
Nikafuta harufu.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne:
"Tumepokea maombi mengi mazuri."
Akuanzaye kwa sifa namna hiyo
ameshafunga mlango, anatafuta tu ufunguo.

Tanki la lita elfu tano bado liko dukani,
jeusi, limesimama juani kwenye kona ya Uhuru.
Kila nikipita nalitazama
kama mtu atazamavyo mchumba aliyeoa kwingine.

Nakala za fomu zilizobaki nilizikata vipande.
Tumefungia mbegu: bamia, mchicha, nyanya chungu, mnafu.
Shida anaandika majina kwa penseli,
anailamba ncha kwanza, nimemkataza mara ngapi.
Kifurushi cha mnafu kimeangukia ukurasa wa saba,
kwenye mkunjo swali linasomeka lote:
Ufadhili ukikoma, mtaendeleaje?

Kuna mfuko mwingine, mwisho wa maombi tarehe thelathini.
Msangi kasema safari hii atanichapia kwa mia na hamsini.
Nao wana kisanduku cha mchango wetu,
mistari miwili tu.

Nitaanza na harufu.