Mkono wa Mwisho wa Rangi

Treni ya usiku kutoka Surat ilitutema kabla ya jua,
mimi na Mugdha na kikapu cha mikate ya jana,
na Jaipur ilikuwa bado haijanawa uso:
wafagiaji tu, ng'ombe mmoja katikati ya njia panda
akiwaza, na njiwa wakigombea mtama
uliomwagwa na mtu asiyetaka kujulikana.

"Huu ndio mji wa waridi?" binti yangu akauliza.
"Mbona ni rangi ya chungu?"

Ni rangi ya chungu. Baba hakuwahi kuiita waridi.
Aliiita kazi.
Chokaa siku tatu majini, udongo mwekundu,
gundi kidogo, na mate siku za hasira.
Alirudi jioni kope zimewiva,
na mama akamwekea maji ya kunawa nje, mlangoni,
maana Bhanwarlal akiingia na kazi yake
hata unga wa chapati ulionekana kuona haya.

Jumba la Upepo linaitazama barabara bila kupepesa.
Madirisha mia tisa na ushei; nyuma yake, zamani,
wanawake wa mfalme waliutazama mji
ambao haukuruhusiwa kuwatazama.
Mugdha anataka picha. Kushoto kidogo. Tena.
Umefumba macho. Tena.
Mwongozaji mwenye mwavuli anawahesabia wageni
miaka, ghorofa, madirisha.
Ndoo hakuzihesabu.
Usione vyang'aa, vimepakwa.

Na uso huu hauna mlango. Hilo picha haisemi.
Sharti uzunguke, uulize,
umpite muuza viatu vya ngozi ya ngamia,
uingie kwa nyuma kama mtu aliyekuja kazini.

Nilizunguka.
Baba aliniambia mara moja tu, akiwa na homa,
kwamba ghorofa ya tatu, chini ya kioo cha kijani,
alikibandika kiganja chake kizima ukutani
kabla ya mkono wa mwisho wa rangi.
Jina hakujua kuliandika. Kiganja alikijua.
Nikapapasa pale kama kipofu anayesoma.
Laini. Mikono mingapi imepita tangu hapo,
sita? saba? Mji huu hupakwa, hupakwa tena,
na kila fundi humfunika fundi mwenziwe.

Kijana alikuwa juu ya jukwaa la mianzi,
simu ikiimba ndani ya mfuko wa shati.
"Mama, usiguse, mbichi hiyo."
Nilikuwa nimeshagusa.
Hakunigombeza. Alitazama kiganja changu,
kisha ukuta, kisha akachovya brashi
akanifuta kwa pigo moja,
kushoto kwenda kulia.

Kichochoro cha bangili kinanuka makaa.
Zaibun anaisokota fimbo ya lakiri juu ya jiko,
anainyosha, anaikunja, anaitia vioo vidogo vidogo
kwa ncha ya kisu, na wakati wote huo
anamfokea mwanawe kuhusu deni la maziwa.
Nilipomnyoshea mkono akaurudisha.
"Kanawe kwanza. Chokaa na bangili hazipatani."
Bombani maji yakatoka kwangu mekundu,
yakapita kati ya maganda ya karanga,
yakatumbukia mtaroni.
Sikuwahi kulia msibani. Hata hapo sikulia.
Mugdha akasema tutaikosa treni.

Nikarudi na mkono mtupu, wa baridi.
Zaibun akakikunja kidole gumba changu kwa ndani,
akaminya mifupa kama mkunga,
wala hakutafuta kipimo.
"Mbili na nane. Ni mkubwa huu. Umeutoa wapi?"

Nikamwuliza bei.
Akasema mia sita. Nikasema mia tatu.
Tukakutana kwenye mia nne na chai.