Neno Moja

Sauti yangu imo ndani ya simu
juu ya meza ya zahanati, Mtaa wa Grant, Bufalo.
Mwili wangu uko Ohayo, jikoni,
sufuria ya maharage nimeipunguzia moto.

Nesi anasema. Natafsiri.
Mama Etabo, majibu ya damu ya mtoto yamerudi.
Imeonekana ina risasi.

Kimya.
Kisha zipu ya koti,
koti la pili, sweta,
mtoto analia baridi.
Nesi ananiuliza: anafanya nini?
Sioni. Mimi ni sauti.
Anamvua nguo, anasema nesi. Anampapasa mgongo,
anamgeuza, anampapasa tena.

"Imeingilia wapi?"

Miaka kumi na mmoja nakula kwa kutafsiri.
Najua bandama, najua kongosho,
najua kuliita tezi kwa heshima mbele ya mzee;
na lugha yangu hii, tajiri wa majina,
vifo viwili imevipa jina moja.

Nikarudi nyuma kama aliyekanyaga kitu gizani.
Siyo ile, mama. Siyo ya bunduki.
Ni madini. Imo kwenye rangi ya zamani,
ile inayobanduka dirishani kama gaga la kidonda.
Mtoto anaila. Ina utamu.

"Utamu," akasema.

Akahesabu, sijui akimhesabia nani,
kuta alizolala tangu watoke Fizi:
nyasi, turubai, kanisa lisilo bati,
Nyarugusu miaka tisa, matofali waliyofyatua wenyewe.
"Zote zilivuja. Hakuna uliomla mtoto."

Nesi ana orodha yake.
Usifagie, futa kwa kitambaa kilicholowa.
Maziwa. Mboga za majani. Maharage.
Mwambie mwenye nyumba.

"Nilimwambia. Alikuja na kopo,
akapaka nyeupe juu ya nyeupe."

Damu imesoma kumi na nne, anasema nesi.
Mama anauliza: ngapi ndiyo salama?
Nesi anakohoa, anafungua karatasi, anaifunga.
Hakuna, anasema.
Nami nasema: hakuna.

Zipu inapanda. Ya pili inakwama katikati,
mtu anaivuta, inakubali.
"Asante, wewe wa kwenye simu," anasema mama,
"jina lako nani?"
Sheria hainiruhusu kulitaja.

Maharage yameshika chini.
Nimesimama kwenye dirisha langu, theluji nje,
ukucha wangu unakwangua fremu,
unatafuta rangi iliyo chini ya rangi.