Kofia ya Inspekta Grigiolo

Toleo la mia tatu na kumi na mbili,
ukurasa wa tisini na moja, kiboksi cha chini kushoto:
Inspekta Grigiolo kavua kofia.

Miaka ishirini na sita haijawahi kumtoka kichwani.
Kapigwa risasi nayo, kaogelea mtaroni nayo,
kaoa nayo, kaachwa nayo,
na katika lile toleo la homa ya mapafu
wodi nzima ilimwona amelala nayo
na muuguzi hakuthubutu.

Sasa kaivua. Na chini yake
upara.

Jumamosi hiyo kwa Tiziano hapakukalika.
Kibanda chake cha magazeti ni kidogo, wajua,
watatu wakiingia wa nne asimame kwenye reli za tramu,
na Turini ilikuwa inanyesha ile mvua yake nyembamba
isiyolowesha mtu ila karatasi.
Fulvio alikuja na nakala yake mfukoni mwa plastiki,
kaishika kwa ncha za vidole
kama mtu apelekaye kipimo maabara.
"Upara! Nimesubiri tangu nina nywele mwenyewe!"
Yeye alitaka kovu. Kovu lina hadithi.
Upara una nini? Upara una baridi.

Ornella wa duka la dawa akasema la kuvunda halina ubani,
tangu yule mchoraji wa zamani astaafu
wino umekuwa maji, farasi wanafanana na meza.
Ila mikono, akasema. Itazameni mikono.
Namna anavyoishika kofia kifuani,
vidole viwili tu, kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba
na hajui viatu avivue au la.

Mtoto wa Tiziano, Samuele, miaka kumi na moja,
alisema ukurasa wa arobaini na sita mvua inapanda juu.
Tukaangalia. Kweli inapanda.
Kosa la mtambo, akasema Fulvio.
Maana iliyofichwa, akasema Ornella.
Kila mwamba ngoma huvutia kwake.
Mimi nilinyamaza. Mimi hununua nakala mbili,
moja ya kusoma, moja ya kutosoma,
na mtu wa namna hiyo asitoe hukumu.

Ndipo akaja Bi Delfina na mwavuli wake uliovunjika ubavu.
Huja kila mwezi kuchukua nakala ya marehemu mumewe;
usajili haujui kufa, na yeye hakuuambia.
Zamani alikuwa hasomi. Picha tupu, alisema, za watoto wenye mvi.
Tulimpisha. Akaifungua palepale, kuanzia nyuma,
akasogeza miwani, akasoma kile kiboksi
ambacho hakina neno hata moja
kwa muda mrefu kuliko kurasa tisini zote.

"Fulvio," akasema, "unadaiwa kahawa."

Fulvio akawa mwekundu, halafu mweupe.
Kumbe waliwekeana dau, yeye na Ermanno,
palepale kaunta, toleo la nne, bei ikiwa bado kwa lira:
kovu au upara.
Ermanno aliandika kwa penseli ndani ya jalada.
Bi Delfina alikuwa nalo mkobani. Alikuja nalo makusudi.

Fulvio akavuka barabara bila mwavuli,
akarudi na kikombe kimoja kidogo, akakiweka juu ya magazeti ya michezo,
na hakuna aliyejua la kufanya nacho.
Tramu ikapita. Kahawa ikatetemeka.
Samuele akauliza kama maiti hunywa,
Tiziano akamkanyaga mguu.

Bi Delfina akaonja, akakunja uso.
"Haina sukari," akasema,
"na yule farasi wa ukurasa wa kumi, kweli, ni meza."