Haradali, Mtaa wa Kisutu

Feni ina mapanga matatu, moja limepinda,
nami ndiye niliyeitwa kulinyoosha.
Hansaben akasema: fundi, kula kwanza.

Akaletwa changu katika mchuzi wa manjano,
haradali ikanipanda puani
hata nikatokwa machozi mbele za watu.

Moloy akachungulia toka jikoni, taulo begani.
Miaka kumi na moja Dar: bei anazijua zote,
salamu bado anazifupisha.
"Samaki wa kwetu Khulna ana miiba kama sindano,
lazima ulimi ujue njia.
Huyu wa Feri, miiba haitoshi."
Alisema hivyo kama anayemsengenya mkwe.

Nikakiweka kijiko kando.
Nikakusanya wali kwa vidole, nikafinya tonge, nikachovya,
nilivyofunzwa Muheza na bibi
asiyependa kelele za chuma kwenye sahani.

Moloy akaja, akakichukua kile kijiko,
akakifuta, akakirudisha koponi.
Hakusema neno.
Akaongeza mchuzi.

Feni mpaka leo inalia.
Nimewaambia kuna kifaa sijakipata,
nitarudi Alhamisi.