Madoa ya Sarafu

Mbwa wangu ndiye aliyeshtakiwa kwanza.
Bwana Wrobleski alisimama kwenye ua wa mbao,
kofia ya kiwanda cha vioo imemfunika nyusi,
akasema: "Bosko amenikojolea majani."
Huku Toledo, mwezi wa sita, hilo si jambo dogo.
Kiwanja cha mbele ndicho uso wa mtu,
na uso wa mzee huyu ulikuwa umeota mabaka.

Nikaenda na kioo cha kukuzia,
kile ninachosomea maandishi ya chupa za dawa.
Tukapiga magoti, wazee wawili, makalio juu,
gari la posta likapunguza mwendo litutazame.

Mkojo wa mbwa, nikamwambia, huunguza katikati
lakini pembeni huacha pete ya kijani iliyonona.
Hapa hapana pete.
Akavuta konzi ya nyasi. Hazikung'oka.
Basi si viwavi: viwavi wangekata mizizi,
nyasi zingekunjuka kama zulia la kukodi.
Hapa pana vidoa vya mviringo, vimepauka,
kila kimoja sawa na sarafu ya dola ya zamani,
vingine vimeshikana mikono, vimekuwa bara.

Chini ya kioo, kwenye jani moja tu,
baka lililobanwa kiunoni kama saa ya mchanga,
kingo zake hudhurungi, chai ya rangi.
Na kivulini, ambako umande haujakauka, utando,
mwepesi kuliko wa buibui,
ambao jua la saa tatu huufuta
kama mtu anayefuta ushahidi.

"Kuvu," nikasema.
Akanuna. Heri mbwa.
Mbwa ana mwenyewe; kwa kuvu umshtaki nani?

Ndipo nikamuuliza humwagilia saa ngapi.
Kimya. Akakifuta kioo changu kwa ncha ya shati.
Nilijua. Mtaa mzima tulijua.
Tangu Ludmila azikwe mwezi wa pili,
kila jioni, saa zile walizokuwa wakinywa supu ya bitiruti,
husimama nje na mpira wa maji mkononi
mpaka taa za barabarani ziwake,
akizinywesha nyasi ili asirudi ndani.
Nazo zililala zimelowa, usiku kucha,
na kuvu, mgeni asiyebisha hodi,
akakuta meza imeandaliwa.

Dawa ya dukani ipo, ya kunyunyiza.
Ina bei, na ina mwisho:
ukiirudia ileile, kuvu huizoea
kama sisi tulivyozoea vidonge vya presha.
Anza na vya bure.
Noa kisu cha mashine; kisu butu hurarua,
na kila ncha iliyoraruka ni kidonda.
Usikate nyasi zikiwa na umande,
utausambaza ugonjwa kwa magurudumu.
Usizinyoe kipara.
Zipe mbolea kidogo, zimekonda,
njaa nayo ilishika kitasa cha mlango.
Na maji (hapo nikasita),
maji, alfajiri.
Mara moja kwa wiki, mbili kukiwa na joto,
yashuke hadi mizizini,
jua lije liyakaushe majani mapema.

"Alfajiri," akarudia,
kama neno la lugha ya mama yake alilolisahau.
"Na jioni je?"

Kwa hilo, kioo changu hakikuonyesha kitu.

Wiki ya tano sasa. Madoa hayajaisha;
mawili karibu na sanduku la barua yamegoma.
Saa kumi na moja na nusu, kabla sijaweka birika,
nasikia bomba lake likikohoa.
Na jioni, taa zikikaribia kuwaka,
Bosko hubweka mara moja tu:
mzee yuko ngazini kwangu
na kisu cha mashine ndani ya gazeti,
anaomba tukinoe.
Tulikinoa Jumanne. Tulikinoa Alhamisi.
Naleta tupa, na viti viwili.