Jina la Leso

Mashine ya Ganjoni husema kwa asilimia:
mafuta arobaini na saba, Mfungo Mosi;
thelathini na nane, Mfungo Sita.
Daktari huduwarisha kalamu, akatabasamu.

Mimi nina leso.
Kabla ya kukatwa tumbo ncha hazikukutana;
jina lilisomeka lote, nyonga hadi nyonga:
NILICHOPEWA NA MOLA HAKIPUNGUKI.

Sasa naizungusha, pindo lameza herufi.
Jana limemeza neno la mwisho.

Kibokoni waniuliza, "Mwanasiti, waumwa?"
Nala nusu kaimati, nusu nampa paka.
Ngozi ya mkono yaning'inia, mfuko
uliosahau ulichobeba.

Naoga, najifunga, nageuza shingo kiooni,
nasoma kinyumenyume:
NILICHOPEWA NA MOLA

na hapo mkunjo.
Nacheka, nashika ukuta.
Bado kizunguzungu.